Chanjo ya Kideri, Chapwa

Jumanne, 2 Septemba
Nachanja kuku wa mtaa wasife kwa kideri, nyumba ya tisa leo. Tone moja jichoni, lete kuku mwingine. Watu wanashika kuku wao wenyewe kama wameshika nyoka. Jirani yangu Simwinga kakataa. Mzee wa kanisa mzima, anadai chanjo ya kideri inabadilisha mbegu, vifaranga watatoka wa kizungu. Mjinga. Mkewe, Mama Tabu, nyuma yake, kimya. Mjinga mwenzake.

Jumatano, 3 Septemba
Nimechanja wangu kumi na tisa kwa chupa iliyobaki jana. Ilishinda dirishani, juani. Basi. Miaka kumi na miwili nachanja kuku wa watu. Sifundishwi.

Jumatano, 17 Septemba
Kaja binti wa chuo, mtafiti. Viatu vyeupe kwenye vumbi hili la malori! Anatoa damu chini ya bawa, kuku wa majirani na wangu, anataka kujua chanjo inafanya nini kwenye jeni za kuku. Simwinga kaja kumsimanga: "Si nilisema mnabadilisha mbegu?"

"Hapana, baba. Mbegu ni ileile. Jeni za kinga kuku anazo tangu yai. Chanjo inaziamsha tu, amjue adui kabla hajaingia. Kuku wengine zinaamka upesi, wengine polepole."

Simwinga kaondoka anasonya. Kuelewa si kazi yake.

Alhamisi, 25 Septemba
Binti kapiga simu. Damu ya kuku wa majirani ina kinga. Ya wangu, hakuna kitu. "Samahani mama, chupa ilikaa wapi? Ikipigwa jua huharibika. Urudie tu." Nikakata. Katoto ka juzi! Eti nirudie. Chapwa nzima inione nachanja mara mbili? Sirudii.

Jumapili, 5 Oktoba
Kwa Simwinga kuku wanakoroma, wanahema midomo wazi. Alileta majogoo wawili kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, bei ya kutupa. Watano chini kabla ya ibada. Nilicheka. Naandika ukweli: nilicheka.

Jumatano, 8 Oktoba
Wangu wawili. Shingo zimepinda.

Jumamosi, 11 Oktoba
Kumi na saba. Nimewachoma shimoni mwenyewe. Simwinga angalau hakujua. Mimi niliambiwa, nikaelewa, nikakaa na kiburi changu. Mpumbavu mkubwa kuliko wote ni mimi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Humo humo kwa Simwinga, matetea ya Mama Tabu mwenyewe yote mazima. Kumbe mwezi uliopita aliyabeba kwenye tenga hadi kwa mchanjaji wa mtaa wa pili, mumewe akiwa kikaoni kanisani. Kwangu ni hatua ishirini. Nilimuuliza kwa nini hakuja.
"Mdomo wako, dada."


Jumapili, 26 Oktoba
Nimempigia binti, nimemwambia yote. Akashukuru, hakunicheka. Jioni Mama Tabu kaleta mayai saba. Nimeyapokea kwa mikono miwili. Nimeyaweka chini ya tetea mmoja kati ya wawili waliobaki. Kayavuta kwa mdomo, moja moja, katulia.