Ufunguo wa Boza la Kasoli

Kasoli, Bariadi
14 Agosti 2025

Mpendwa mpwa wangu Maduhu,

Mwangaluka. Natumaini barua hii inakukuta huko Tunduma ukiwa mzima, pamoja na mkeo Elina na watoto. Kifua cha Elina kimepona? Mimi napumua, basi. Miguu imevimba, na daktari wa Bariadi amenirudisha nyumbani bila kunipa tarehe ya kurudi kwake. Nimemwelewa.

Mvua zilikatika mapema, pamba haikufika hata magotini. Boza letu bado liko uwanjani kwangu, halina matairi. Lilikuwa la kumwagia maji barabara. Wewe ukalifunga pampu na mipira, ukalipaka rangi nyekundu kwa brashi ya ukutani, likawa gari la zimamoto la kata nzima. Sasa kuku wanataga kwenye kiti chako.

Maduhu, siku nyumba ya Felisita ilipoungua, tanki lilikuwa tupu kwa sababu yangu.

Asubuhi ile, wewe ukiwa shambani, ng'ombe wa mahari ya binti yangu Violeth walifika kutoka Lingeka. Walikuwa wametembea siku tatu, lambo letu limekauka, na wakwe wamesimama wananitazama. Niliona aibu. Nilifungua kufuli la koki, nikawanywesha mpaka tone la mwisho. Nilijiambia kesho utakwenda kujaza.

Moto ukaja mchana uleule. Kabla ya kuwasha gari uligonga tanki kwa jiwe, kama kawaida yako, nalo likalia kama kengele. Ukatazama matope yaliyokuwa zizini. Ukanitazama mimi. Ukasema tu, "Mjomba, panda twende."

Kwa Felisita mpira ulitoa upepo. Mwanawe Mabula alikukaba shati: "Maji yako wapi, mlevi wewe? Umelala baa na gari letu!" Hukunitaja. Nami, mwalimu wa miaka thelathini na minne, mwenyekiti wa kikundi chetu cha zimamoto, nikatazama chini. Felisita alikuwa hawezi kutembea. Alitolewa amekwisha kufa.

Ukahama. Mama yako, dada yangu Philomena, alikufa akiamini kwamba ulilewa. Siku zake za mwisho nilimshika mkono nikamsomea Zaburi. Hili sikumwambia.

Jumapili iliyopita nilijikokota nikasema yote mbele ya kanisa. Masele, mzee wa kanisa, akanishika bega: "Mwalimu, hiyo ni homa. Kaa upumzike." Jioni Mabula mwenyewe akaniletea maziwa. "Babu," akasema, "usijitwishe ya yule mlevi." Nikayanywa.

Ndani ya bahasha kuna ufunguo wa lile kufuli. Ulikuwa mmoja tu, nao ulikaa shingoni mwangu. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyeuliza. Sidhani kama utakusaidia kitu sasa. Sikutaka tu nizikwe nao.

Msalimie sana Elina, na watoto wote. Violeth ndiye peke yake aliyeniamini. Hajasema nami tangu Jumapili hiyo. Mungu akulinde katika safari zako zote, na akupe watu watakaosema kweli juu yako mapema.

Usije kunizika. Wachunga ng'ombe wakipita hapa hulipiga tanki fimbo, likalia, nami huwa kitandani nalisikia.

Mjomba wako akupendaye, ingawa vibaya,
Salvatory