Kisichobadilika Hufutwa

Mume wangu,

Hatujambo. Bomba la jikoni limeacha kuvuja. Mama yako magoti yanamsumbua, ila ulimi bado mzima kabisa.

Kazini, kwenye ule utafiti wetu, tunaendelea kuzifuata kaya zilezile mia nne, mwaka wa tano sasa, tujue ni nini hasa kinachowainua watu kutoka kwenye umaskini. Kila kaya tunailinganisha na yenyewe, mwaka hadi mwaka. Kisichobadilika, ukitoa mwaka huu kwa mwaka jana kinabaki sifuri, hesabu inakifuta.

Jana karani mpya, mama mtu mzima, kaniuliza, "Kwa hiyo dada, kitu kikiwa kilekile miaka yote, ndiyo kusema hakipo?"

Nikamwambia, "Kipo, ila hesabu haikioni." Kisha nikaenda kujifungia msalani, nikalia.

Miaka mitano hiyohiyo wewe uko huko mbali. Ulikuwa unapiga simu kila siku, ikawa kila wiki, sasa hata mwezi unapita. Mimi bado nalala upande wangu wa ukutani, wako nimeuacha wazi. Siwezi kukupenda kwa kupanda na kushuka ili nionekane. Basi wewe usihesabu kama sisi. Njoo uangalie kwa macho.

Mkeo,
yuleyule.