Fundo la Shemeji Ouma

Jumapili, 12 Aprili. Asubuhi mvua ya radi, kisha manyunyu yasiyokatika. Ukuta wa jikoni umelowa.

Niseme ukweli: nimeamka na hasira, na nimeilea vizuri mpaka jioni.

Sehemu yangu ya kuvulia kamongo, yule samaki wa matopeni, kule kinamasini Sikuda, niliachiwa na baba mkwe. Yeye ndiye aliyenifundisha kumtoa kamongo topeni bila kuumwa kidole, wakati wanawe wako mpakani wakitafuta maisha. Ouma, mdogo wa mume wangu, hajalimeza hilo hadi leo.

Sheria ya kinamasi kila mtu hapa anaijua. Unafunga fundo la mafunjo mabichi kwenye mti wako wa kutegea. Jua likizama Jumapili ya tatu hujalifunga upya, sehemu ni ya atakayewahi.

Nami nina Jumapili tu. Siku nyingine zote niko sokoni na mitumba yangu.

Jumapili ya kwanza Ouma alileta wageni kutoka Tororo, nikapika hadi giza. Ya pili alikuja mbio kusema shangazi yao wa Kisoko yu mahututi, nimpeleke mama mkwe. Tulimkuta shangazi anapepeta mtama. Akatuuliza nani amekufa.

Mama mkwe alicheka njia nzima. Mimi nilikuwa nahesabu Jumapili.

Leo ndiyo ya tatu. Baada ya ibada, Ouma akanijia chini ya mwavuli wake, sauti imejaa huruma. "Shemeji, mvua namna hii wewe nakwenda wapi? Kaa nyumbani, pumzika. Hata samaki nalala."

"Kweli, shemeji," nikamjibu.

Nikawaachia watoto viazi, nikavaa gambuti za mume wangu, aliye kazini Osukuru, nikajifunika gunia kichwani. Maji yalinifika magotini hata kabla sijafika kwenye mafunjo.

Kwenye mti wangu kulikuwa na fundo bichi. Si langu. Ouma anatumia mkono wa kushoto, na fundo lake hulalia upande usio wa watu wengine. Alikuwa amelifunga kabla ya ibada, akiamini mvua itanifungia ndani.

Hapo ndipo alipokosea. Jua lilikuwa bado juu, hata kama hatukuliona. Anayefunga kabla ya jua kuzama ni mwizi, na mwizi wa kinamasi hategi tena msimu mzima.

Sikulikata. Nililichomoa polepole lisiharibike, nikalitia mfukoni. Nikafunga langu, nikatega ndoana, nikangoja huku natetemeka. Kamongo akanasa, mnene kama mkono wa mwanamume, akanirushia matope mpaka machoni.

Sikurudi moja kwa moja nyumbani. Nilipita kwa Mzee Okello, mwamuzi wa mambo ya kinamasi, ambako wanaume huketi na mirija kuzunguka chungu cha pombe ya malwa. Ouma alikuwapo. Nikapiga magoti nikawasalimu wote kwa heshima, halafu nikaliweka fundo kando ya chungu.

"Shemeji, hii umesahau kwenye mti yangu."

Mzee akaligeuza fundo, akautazama mkono wa Ouma ulioshika mrija. Wa kushoto.

"Ouma," akasema, "kwako jua imezama saa ngapi, bwana?"

"Mzee, mimi nilikuwa namlindia tu..."

"Peleka habari kwa shangazi Kisoko," mmoja akadakia. "Mgonjwa amepatikana!"

Wakacheka mpaka chungu kikatikisika. Mzee hakucheka. Alisema Ouma asionekane na ndoana mpaka msimu uishe.

Nilitembea polepole nikitoka, nisikie vizuri.

Kichwa cha kamongo nimempa mama mkwe. Mkia nimempelekea mke wa Ouma, ambaye hana kosa. Mumewe akila, ajue umetoka wapi.

Huenda kesho nitaona aibu. Usiku huu sina. Nimesali na watoto, na tulipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, wao walisema. Mimi nilinyamaza.

Nazima taa saa tatu na robo.