Firigisi Niliyoirudisha

Mama Nafula mpenzi,

Natumai mvua ya huko Bungoma inawaachia nguo zikauke. Hapa Kitale matope yanatufuata hadi kanisani.

Jana baada ya ibada ya Pasaka, ndugu yangu mkubwa Wafula alinikaribisha kwake. Ndiyo, huyo huyo ambaye hatujasemezana tangu tulipogombania mpaka wa shamba. Kuku akaletwa. Wafula akachukua firigisi, ambayo ni haki yake mwenye boma, akaiweka kwenye sahani yangu bila neno. Nami nikakumbuka ulivyonionya nisile kama fisi kwa watu. Nikairudisha. "Asante, nimeshiba." Siku moja tu maishani nimejaribu kuwa na adabu, na ona sasa.

Nilipoaga, hakuinuka. Mkewe ndiye alinisindikiza barabarani. "Shemeji, si ungeuma hata kidogo? Huyu mtu hajui kusema pole. Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake."

Inaniuma. Asubuhi ile mhubiri alikuwa ametuambia Yesu alipofufuka hakuwagombeza waliomkimbia. Aliwachomea samaki, akawaita waje kula. Nilisema amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Kuamini kaburi liko wazi sikushindwa, bana. Nilishindwa kufungua mdomo mbele ya ndugu yangu.

Kwa hivyo leo sipandi gari la nyumbani. Narudi kwa Wafula bila kualikwa, na nitakula chochote atakachonipa, hata kiporo. Wakumbatie watoto, niombee, na usinicheke sana kabla sijafika.

Wako,
Baba Nafula