Jua la Kwetu Halirudishwi Nyuma

Kwa dada yangu mpenzi, Mama Makoye, Kambarage, Shinyanga.

Shikamoo, dada. Kabla sijasema lolote nataka kujua habari ya goti lako. Mwanangu Neema aliniambia kwamba siku ya kutoka msibani ulikuwa unaukokota mguu mpaka wakakushika mkono kupanda gari. Je, limepungua kuuma? Unalikanda kwa maji ya moto au umeshaliacha kwa kuwa huna muda? Na Makoye hajambo, na wajukuu, na biashara ya mchele inakwendaje? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, na Baba Neema naye ni mzima. Ila mwili ni kitu kimoja, moyo ni kitu kingine.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda. Kila nikipiga tunalia wote wawili, halafu mtandao unakata. Nikituma ujumbe wa sauti unasikilizwa na nyumba nzima. Barua hii inakuja kwa mkono wa kijana wa Mwanza anayefanya kazi na Baba Neema mgodini huku Ufini, anakuja likizo. Isome ukiwa peke yako, wateja wakishaondoka.

Nianze na hali ya hewa, maana marehemu mama ndipo alipokuwa akianzia kila nilipompigia. Hata sijamaliza kumwamkia anauliza, "Huko jua limetoka?"

Dada, wewe baridi unayoijua ni ile ya mwezi wa saba. Alfajiri unakuta wazee wamejifunga mablanketi wanaota moto, na ikifika saa tatu jua limeshaifukuza, watu wanaanza kutafuta kivuli. Hiyo ni baridi inayopita kusalimia. Ya huku inahamia, inakuja na mizigo yake. Ukitoka bila kufunika uso unasikia vinyweleo vya puani vinaganda. Mwaka wa kwanza, kwa mazoea yangu ya nyumbani Mhunze, nilianika suruali ya Baba Neema nje. Jioni nikaikuta imekakamaa kama bati. Nikaiegemeza ukutani, ikasimama yenyewe. Baba Neema kutoka kazini akaitazama, akavua kofia, akasema, "Mama Neema, na huyu mwanaume uliyemweka hapa ni nani?" Tulicheka siku ile. Tulikuwa bado tunacheka.

Lakini baridi mtu anaivalia koti. Giza hulivalii kitu. Mwezi wa kumi na mbili jua halichomozi kabisa. Usidhani ni mawingu; hata mbingu zikiwa nyeupe halipandi. Ikikaribia saa sita mchana unaona upande mmoja umepata rangi ya bluu, kama kwetu jogoo wanapoanza kuwika, unasema haya, sasa linakuja. Unasubiri. Halafu linaghairi, giza linarudi palepale. Baba Neema ni fundi wa mitambo, anashinda chini ya ardhi, anasema chini kuna mwanga kuliko juu kwa sababu kule wamejaza taa. "Geita nilikuwa nikipanda juu jua linanipiga usoni mpaka natokwa machozi," aliniambia. "Huku natoka gizani naingia gizani. Wakati mwingine najiuliza kama nimepanda kweli." Daktari naye alituambia ngozi zetu hizi zinataka jua jingi, akatuandikia vidonge vyake. Basi asubuhi nameza jua kwa maji ya bomba, nakwenda kazini.

Hata salamu zetu za Kisukuma zimetupotea. Mwangaluka ni ya asubuhi, mwadila ni ya jua likishageuka. Sasa mtu aliyeamka gizani, akafanya kazi gizani, akarudi gizani, umwamkie vipi? Sisi wawili tumebaki kuulizana tu, "Umekula?"

Na mwezi wa sita mambo yanageuka, jua linakataa kuzama. Linazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi, usiku wa manane liko dirishani, tunatundika mablanketi ili tulale. Nilimweleza hivyo mama. Akauliza, "Na kuku wanaingia bandani saa ngapi?"

Nikamwambia, "Mama, hapa sijaona kuku."

"Basi wachawi wa huko wana taabu. Wanafanya kazi saa ngapi?" Akacheka mpaka akakohoa, na wewe nilikusikia nyuma yake ukimwambia apumzike.

Sasa nakuja kwenye lile linalonikaba, dada, na naomba ulisome polepole, maana nadhani hakuna aliyewahi kulieleza vizuri pale nyumbani.

Kwetu saa ni jua. Likitoka ni saa kumi na mbili, likizama ni saa kumi na mbili, hata bibi yetu ambaye hakuwahi kushika saa alikuwa akitazama kivuli cha ghala na hakosei. Huku saa ni ya watu. Tangu mwezi wa nne mpaka wa kumi saa zetu na zenu zilikuwa zinakwenda sawasawa. Nikitoka kanisani nakupigia, nawe umetoka kanisani. Nikazoea hivyo. Kumbe mwisho wa mwezi wa kumi nchi nzima inarudisha saa nyuma kwa saa moja, ili asubuhi ipate kamwanga kidogo. Simu inajirudisha yenyewe, hukuombwa ruhusa. Kazini niliwasikia wakilisema. Nikadhani ni jambo la dunia nzima, kama vile mwaka mpya. Miaka ya nyuma saa moja ile haikunishtua, kwa kuwa hatukuwa na miadi ya saa. Haikunijia kabisa kwamba watu wa upande mmoja wanaweza kurudisha saa, na upande wa pili jua likaendelea na safari yake.

Siku hizohizo ndipo mama alipozidiwa. Uliniambia anaomba blanketi wakati jua la kabla ya mvua linachoma bati mpaka linalia. Uliniambia anataka lile koti nililomtumia, analivaa kitandani, na nyinyi mnatokwa jasho. Sikulala. Mimi niliye kwenye barafu nilikuwa na joto, na mama yangu wa Mhunze anatetemeka.

Alipofariki pasi yangu ilikuwa ofisini kwao huku, kibali cha kuishi kinahuishwa, sikuweza kusafiri. Hilo mnalijua. Mnajua pia alivyosema mama mwenyewe, nawe ulikuwepo: "Minza ndiye ataniombea pale kaburini, hata akiwa wapi. Sauti yake naijua." Kaka Masanja akalipanga vizuri. Jeneza likishateremshwa, kabla ya udongo, saa tisa alasiri, simu iwekwe spika, niombe, kisha ndugu wa tumbo moja watupe udongo wao, halafu watu wote.

Nafanya kazi ya kufua nguo za wachimbaji. Simu zetu zinafungiwa kabatini mpaka mtu atoke. Msimamizi ni mkali, lakini siku ile aliniwekea mkono begani akasema, "Saa tisa nenda, kaa nje unavyotaka." Tena nilitaka niwe na udongo mkononi, ili mkitupa nanyi, nami nitupe. Ardhi ya huku ilikuwa imeshakuwa jiwe, sululu inaruka. Nikamweleza mama mmoja mzee wa hapa ninayefua naye. Alikwenda dirishani, akang'oa ua lake kwenye chungu, akanijazia udongo kiganjani, akanifunga vidole.

Saa tisa kamili nikatoka. Jua lilikuwa limekaa chini kabisa juu ya miti, jekundu, bila joto lolote. Nikawasha simu kwa mkono mmoja. Mlikuwa mmepiga, mkapiga, mkapiga.

"Kaka," nikasema, "niweke spika."

Nikasikia maji yanamwagwa kwenye beseni. Watu walikuwa wananawa mikono.

"Minza, tumeshamaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Tumemzika mama. Hii ni saa kumi."

"Kaka, ni saa tisa! Natazama hapa, ni saa tisa!"

"Ya kwenu labda. Tumekungoja. Wingu lilikuwa limefika, na shimo lilianza kuingiza maji. Ungetaka nimlaze mama kwenye maji?"

Na nyuma yake nikamsikia shangazi, unaijua sauti yake haihitaji spika, "Mwache huyo Mzungu wenu! Hata mama yake anamzika kwa kuchelewa."

Dada, kaka hakukosea. Naijua mbuga yetu, udongo ule mweusi, mvua ikigusa shimo haliwezi kukaa. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, kwamba Minza haoni kosa lake. Alikuwa na wingu kichwani na maji miguuni. Lakini mimi nilibaki nimesimama pale na udongo mkononi, na kila mahali ni theluji, sina pa kuuweka. Kuutupa juu ya theluji nilishindwa, ingekuwa kama kutupa taka. Niliutia mfukoni mwa koti. Nikafungua mdomo angalau nimwombee mama palepale nilipo, Mungu anasikia popote. Halikutoka hata neno. Mimi ambaye mama mchungaji alikuwa akinivuta gauni kanisani niseme amina watu wakale! Jua likazama mbele yangu, nikarudi ndani kufua.

Tangu siku ile naomba kila asubuhi na kila jioni, naombea nyumba yako, naombea Neema, naombea hata shangazi. Nikifika kwa mama nakwama. Ile sala iko hapa kifuani kama kipande cha ugali kilichokwama, haishuki, haipandi. Baba Neema ananiambia, "Mungu alikwisha kuisikia, Mama Neema, jiachilie." Ni kweli, naamini. Lakini mama hakuomba Mungu asikie. Mama aliomba asikie yeye.

Giza la mwezi wa kumi na mbili lilinikuta katika hali hiyo. Nilikuwa nikitoka kazini nasimama getini, najaribu kukumbuka jinsi jua la saa nane linavyochoma kisogo tukipalilia pamba, na sikumbuki, kama vile niliambiwa na mtu. Mwezi wa kwanza jua lilirudi. Lilichungulia tu, upana wa ukucha. Wafanyakazi wote walitoka nje wakasimama wakilitazama. Yule mama mzee alinishika mkono. Wengine walikuwa wanatabasamu. Mimi nilitaka kumpigia mtu nimwambie, "Limetoka," nikawa nimeshalitafuta jina la mama kwenye simu kabla sijajikumbuka.

Sasa sikiliza linalonifanya niandike. Kaka Masanja amenitumia ujumbe kutoka kwake Masumbwe, hakunisalimia: "Mvua zikipungua tunajengea kaburi. Kokoto zimeshamwagwa." Basi. Nimekuuliza mara mbili kwenye simu kama mafundi wameshaanza. Mara zote mbili umeniambia mtandao mbovu. Dada, nimelala na wewe kitanda kimoja mpaka ulipoolewa. Nakujua ukiwa unanihurumia.

Pasi yangu imerudi. Likizo ya Baba Neema ni mwezi wa sita, tunakuja wote. Naomba msilijengee kaburi la mama kabla sijafika. Wekeni miiba kuzunguka ili ng'ombe wasikanyage. Likididimia kwa mvua, jazeni udongo, lakini liwe udongo. Nataka nipige magoti pale, nichote kwa mkono wangu, niweke, niseme nilichoagizwa kusema. Saruji haipokei udongo wa mtu, unabaki juu yake, upepo unaupeperusha. Kama mafundi wameshaitwa, na kaka hawezi kuwarudisha, basi wajenge pande zote na waache wazi pale kichwani, pawe upana wa viganja vyangu viwili tu. Nitapaziba mwenyewe nikimaliza.

Na kama limeshajengwa, dada, niambie hivyohivyo. Usinifiche mpaka nilione kwa macho nikishuka kwenye gari na masanduku. Niambie nilie huku huku, ili nikija nije nimeshalia, niweze kukusaidieni kupokea wageni.

Nisalimie Makoye na mkewe, na wajukuu wote bila kumsahau yule aliyezaliwa wiki ya msiba. Nisalimie kaka Masanja, mpe shikamoo yangu hata kama hataki kuipokea. Shangazi aliyekaa na mama siku zote za ugonjwa, mwambie namheshimu, aliyosema nimeyaacha. Mama mchungaji aniombee kwa jina. Jirani yetu wa ng'ambo ya kisima, aliyetoa maturubai ya kivuli, namshukuru sana. Neema akija kutoka chuoni mpikie matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga, anayapenda, nami huku sina jua la kumwanikia.

Kijana wa Mwanza atakaa likizo fupi, atapita tena Shinyanga kabla ya kurudi. Mpe jibu, hata mstari mmoja, limejengwa au halijajengwa. Nijibu upesi, dada yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Minza, Mama Neema