Nyati wa Pembe Nne

Geita, 9 Februari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na binamu yangu Ngusa na hao kuku wenu wasio na adabu. Mimi huku sijambo. Genge langu la supu na chapati linakwenda, hasa asubuhi wachimbaji wakitoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, na njaa zao.

Baba amenipigia. Anasema umekataa tena kwenda kutolewa mtoto wa jicho, na muuguzi ulimwambia nafasi yako awape wenye haraka. Shangazi, jicho la kushoto limeshafunga na la kulia linafuata, unasubiri nini? Wewe si ndiye uliyekuwa ukichagua pamba kiwandani, ukitenga safi na ile chafu, fifi, kwa kutupia jicho mara moja tu, hata wanunuzi wakaacha kubisha? Mwenye macho ya namna hiyo anayaachaje yazimike?

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu huwa unanikatia. Hii huwezi kuikata, na Ngusa nimemwambia akusomee mpaka mwisho.

Mwanao,
Dorah

Shinyanga, 23 Februari 2025

Dorah mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, kuku nao hawajambo na adabu bado hawana. Ngusa amenisomea barua yako kwa sauti ya mahubiri, nusura nimtoe nje. Hii naandika mwenyewe kwa kalamu nene, ndiyo maana herufi zimekuwa kubwa kama za bango la mkutano.

Unauliza nasubiri nini. Nakuambia wewe, kaka yangu usimwambie. Mwaka juzi, Jumapili ya mavuno, tulikuwa tunahesabu sadaka, mimi na fundi Wiliam mshonaji. Unajua tabia yangu, sarafu haipiti mkononi mwangu bila kukaguliwa. Nikashika mia tano moja, nikaona nyati ana pembe nne. Pembe juu ya pembe, kama mapacha Kulwa na Doto, wameegemeana. Niliitamani! Lakini sadaka ni ya Mungu, huichukui hivihivi, lazima uweke nyingine mahali pake. Nikaenda kuchukua mia tano kwenye mkoba niliouacha kwenye benchi. Kurudi, Wiliam ameshazimimina zote mfukoni na mfuko umekwenda kwa mwenye duka anayetubadilishia noti.

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika meza. "Mama Ngusa, nyati hana shida. Ni macho yako yamezaa mapacha." Tangu siku hiyo kwaya nzima inaniita Mama Pembe Nne. Nami nilikuwa nacheka nao, mpaka muuguzi aliponiambia kwamba mtoto wa jicho humfanya mtu aone kitu kimoja viwili. Hapo kicheko kikaniishia. Kisu sikiogopi. Naogopa wakinisafisha macho niambiwe kwamba kile kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona kwenye kiganja changu kilikuwa ugonjwa tu. Acha kwanza nijue.

Sasa sikiliza. Sarafu hugongwa kwa mhuri. Mhuri wenyewe ukichongwa kwa kupigwa mara mbili ukasogea kidogo, kila sarafu inayotoka hapo huzaliwa na pacha. Kwa hiyo haiwezi kuwa moja, ina ndugu zake, na huko Geita mia tano hazikauki. Ila usidanganyike. Kuna pacha wa uongo, mashine inapoyumba wakati wa kupiga: huyo ni bapa, amelala kama kipande cha ubao, hana maana. Pacha wa kweli ameinuka, ana mgongo wake. Macho yakikuchanganya pitisha ukucha. Wa uongo ukucha unateleza. Wa kweli unakwama mara mbili.

Nitafutie, mwanangu. Nikijua, nitakwenda.

Shangazi yako,
Apolonia

Geita, 13 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila wateja wangu wanasema nimerogwa.

Sasa mtu akinipa mia tano naigeuza kwanza, naielekeza kwenye mwanga, napitisha ukucha. Juzi mchimbaji mmoja alikasirika: "Dada, hiyo pesa nimeitolea jasho chini ya ardhi, wewe unaikagua kama mahari!" Wengine wanadhani nimeambiwa kuna bandia mjini, wameanza kukagua na wao. Asubuhi ukipita gengeni kwangu utakuta wanaume wazima wameinamia sarafu, supu inapoa.

Pembe nne sijazipata. Mbili nilidhani ndizo, ukucha ukateleza, mapacha wa uongo. Lakini nimepata moja yenye mstari kutoka mgongoni mwa nyati mpaka ukingoni. Nikakumbuka nikiwa mdogo ulivyokuwa ukiniambia kwamba mkwaruzo huingia ndani, bali mhuri ukipasuka ufa wake huinuka juu ya sarafu. Nikagusa. Umeinuka! Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Shangazi, miaka yote hii nimepokea sarafu na kuzirudisha chenji bila kujua kwamba zina sura. Leo naziona, kila moja na uso wake. Nawe ulijifunza haya mwenyewe, kwenye meza ya sadaka, huku ukungu ukikuingia machoni. Nimekukubali. Anayekucheka aje hapa kwangu nimnyime supu.

Mwanao,
Dorah

Shinyanga, 25 Mei 2025

Dorah,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Ngusa, maneno ni yangu. Jicho la kulia nalo limeanza kufunga. Mtu akisimama mlangoni naona kivuli tu, namtambua kwa kikohozi.

Ule ufa wako umenifurahisha sana, ulale mahali pema pakavu. Lakini zile pembe ziache sasa. Hata ukizipata nitaziona kwa jicho lipi? Wiliam huenda alisema kweli. Meza ya sadaka bado nakaa, nahesabu kwa kupapasa, naye siku hizi hanitanii tena. Heri angenitania.

Endelea na biashara yako. Wabeja, asante sana, mwanangu, kwa kuniamini.

Shangazi yako,
Apolonia

(Mimi Ngusa naongeza hapa bila yeye kujua. Dorah, usiache kutafuta. Siku hizi anakaa tu.)

Geita, 6 Julai 2025

Shangazi! Shikamoo! Hamjambo wote?

Keti kwanza. Ngusa, hakikisha ameketi.

Nimeipata. Imekuja kwa mama anayeniletea dagaa, katikati ya chenji yake. Ilikuwa nyeusi, imejaa tope la mwaloni wanakooshea mchanga wa dhahabu, lakini nilipoielekeza kwenye jua niliona pembe juu ya pembe. Nikapitisha ukucha, ukateleza. Nikakata tamaa. Kisha nikawaza, pengine ni tope limeziba bonde katikati ya mapacha. Sikuwa na hakika.

Jirani yangu Marwa, mnunuzi wa dhahabu, mtu mwema sana, akaniambia: "Huwezi kumpelekea mama mtu mzima kitu kichafu namna hii. Huku kwetu kisichooshwa hakina bei." Akaichovya kwenye dawa yake ya kusafishia dhahabu, akaisugua kwa burashi mpaka ikawaka. Hata ada hakutaka, kasema ni zawadi yake kwa Mama Pembe Nne.

Baada ya kuoshwa sikuijaribu tena. Nimetaka jibu litoke kwako, maana wewe ndiye uliyeiona kwanza. Nimeishonea kwenye pindo la kitenge nilichompa kondakta wa basi la Shinyanga akuletee. Pindo la upande wenye uzi mwekundu.

Nasubiri nikiwa sili wala sinywi. Nimedanganya, nakula.

Mwanao,
Dorah

Shinyanga, 27 Julai 2025

Dorah mwanangu, jicho langu la Geita,

Marahaba, na mara nyingine marahaba. Hatujambo. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, Ngusa ameniwekea rula niifuate. Mistari ikipanda mlima nisamehe.

Kwanza nikugombeze. Sarafu haioshwi! Ngusa alipofika kwenye neno "burashi" nilipiga yowe, jirani akaja na maji ya kunimwagia. Wanunuzi wa sarafu wakiona imesuguliwa wanaiweka mezani na kuaga. Dhahabu hupanda bei kwa kuoshwa, sarafu hufa. Sikukuonya kwa sababu haikunijia kabisa kwamba kuna mtu duniani angeosha mia tano. Nilisahau uko Geita.

Basi nikapasua pindo, nikaipokea kiganjani. Nikapitisha ukucha. Ukakwama. Nikausogeza, ukakwama tena. Dorah, nililia. Nilipitisha ukucha mpaka Ngusa akaniambia nitaimaliza. Tope lingekuwemo, ukucha wangu ungeteleza kama wako, nami ningekufa sijui. Mwambie Marwa ameua bei na amenipa mimi uhai, na supu yake wiki hii iwe juu yangu.

Jumapili nikaenda nayo. Tulipoketi kuhesabu nikamwambia Wiliam, "Fumba macho, lete kidole." Akafumba. Nikauongoza ukucha wake juu ya pembe. Akaupitisha tena mwenyewe.

"Umekwama mara ngapi, fundi?"

"Mara mbili, Mama Ngusa."

Alipofumbua na kuitazama, nilisikia pumzi yake. Akasema, "Nyati wa watu! Nami nikamcheka." Nikaichukua nikaidondosha kwenye kikapu cha sadaka. Kwa wanunuzi haina bei tena, ni mia tano tu, na kwa Mungu ndiko nilikoiona mara ya kwanza. Nilichotaka kujua nimekijua, roho yangu nyeupe.

Wiliam akasema, "Subiri." Nikamsikia anapekua mfukoni, kisha sarafu ikalia kikapuni. Ameweka mia tano yake. Akaitoa ile, akanikunjia vidole juu yake, akasema, "Nimeweka nyingine mahali pake. Safari hii haipotei." Nikaifunga kwenye pindo la kitenge.

Jumatano ijayo nakwenda hospitali kutolewa huyo mtoto wa jicho. Ngusa ataendesha bajaji, Wiliam atakaa nyuma na mimi, kasema hataki kusimuliwa. Wakinifungua bendeji kitu cha kwanza nitamtazama nyati wangu, nimkute na pembe zake nne palepale nilipomwacha. Cha pili nataka kiwe uso wako, kwa hiyo funga genge uje.

Na ukija, nakuomba, usiniletee kitu ulichokiosha.

Shangazi yako,
Apolonia
Mama Pembe Nne