Dada Alipohamia Msituni

3 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, ingawa sijui ni wapi. Sisi hatujambo. Mguu wa mama umepona, na kibanda changu cha kushona viatu kinakwenda.

Msimamizi wako amenipigia. Anasema ulivua vipokea sauti katikati ya zamu, ukachukua mkoba, ukatoka bila kuaga. Miaka kumi na nne unapokea simu za dharura, hujawahi hata kuchelewa! Simu yako haipatikani. Barua hii nampa mwenzako wa zamu, anasema anajua pa kuifikisha. Dada, wewe ndiye tuliyekubatiza Redio kwa jinsi unavyoongea. Redio ikinyamaza, nyumba nzima inashtuka. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako

21 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Hapo kwenye Redio nilicheka, halafu nikalia. Mwambie mama niko hai na ninakula.

Siku ile alipiga simu mwanamume mmoja, mkewe ameanguka jikoni. Nilimwelekeza abonyeze kifua, tukahesabu pamoja mpaka sauti ikamkauka. Gari la wagonjwa lilipofika akaniambia, "Asante, dada, lakini ameshakwenda." Akakata. Papo hapo taa ya simu nyingine ikawaka, nikaona mkono wangu hauinuki. Tangu mwaka jana nilikuwa nasikia mlio wa simu hata nikiwa naoga. Niliwaficha.

Nimepanga chumba kando ya msitu, najaza udongo kwenye vifuko vya miche. Usinifuate.

Dada yako

2 Aprili

Shikamoo dada,

U mzima? Mimi nina hasira, sikufichi. Watu wakiumwa wanakwenda hospitali, wewe umekwenda kwa miti! Miti itakujibu nini? Mama anakuulizia kila asubuhi. Rudi nyumbani tukutunze.

Mdogo wako

15 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Habari za siku nyingi? Mama je? Nisamehe kwa kimya hiki kirefu. Barua yako iliniuma kwa sababu upande mmoja ulikuwa na haki. Hospitali nilikwenda. Nimepewa dawa, na kila Jumanne nakaa na mshauri. Nilipomweleza habari za msitu hakucheka, alisema nisiache dawa wala msitu.

Sasa nikwambie miti ilivyonijibu. Asubuhi moja nilikuwa napeleka miche bondeni, mvua ikanikuta, nikajibanza kwenye shina moja nene. Nikaisikia mvua ikigonga majani ya juu kabisa, kisha ya kati, kisha ya chini, ndipo ikanifikia mimi. Nikatazama huku na huku. Hakuna hata kitu kimoja pale kilichokuwa kinaningoja nikiokoe. Mizizi inakunywa, konokono anapanda zake, nami nimo tu, kiumbe kama wao. Nikasema, "Mungu wangu, kumbe dunia hii hukunibebesha peke yangu." Nilikuwa sijasali mwaka mzima. Nililia hadi nikasikia njaa, njaa ya kweli, mdogo wangu! Siku hizi naingia huko kila asubuhi kabla ya kazi, nakaa, nasikiliza.

Mwezi ujao narudi kwenye simu, nusu zamu kwanza. Njoo unione.

Dada yako

10 Septemba

Dada yangu,

Nimefika salama, mama anakusalimu sana. Yapo niliyoshindwa kukuambia uso kwa uso.

Msituni nililalamikia siafu na matope kama mtoto, ukanivumilia. Lakini kilichonivunja ni kesho yake, nilipokungoja kazini kwako. Msimamizi alikuwa amefungua spika mezani kwake. Mama mmoja akapiga simu huku analia kwa kelele, kichanga chake kimepaliwa. Ukamwambia, "Niko nawe, mama. Mlaze kifudifudi kwenye mkono wako. Piga mgongoni. Tena. Tena." Sauti yako ilikuwa pana na tulivu, hata mimi nilijikuta nahema taratibu. Kisha kimya. Niliona umefumba macho, midomo inacheza. Halafu mtoto akaangua kilio kwa hasira zake zote, chumba kizima kikashusha pumzi.

Msimamizi akanigeukia, "Wewe ni nani wake?"

Nikajibu, "Yule ni dada yangu!" kwa sauti kubwa mno hadi wote wakanitazama. Wala sikuona haya.

Mdogo wako